Umekamatwa Umelewa Ukiendesha: Usikubali Shitaka Ambalo Hujalisoma

Karani alikuwa hajamaliza sentensi. Alikuwa amefika penye maneno "ukiwa umekunywa kileo kiasi cha…" pale yule bwana kizimbani, shati lake bado lina vumbi la sakafu ya mahabusu, alipomkatiza: "Ni kweli, mheshimiwa." Hakimu akaandika. Mwendesha mashtaka akasoma mistari minne au mitano ya maelezo ya kosa. Bwana akaulizwa kama maelezo hayo ni sahihi, akaitikia kwa kichwa, akaambiwa ajibu kwa sauti, akasema ni sahihi. Ukiondoa muda ambao karani aliutumia kutafuta faili, shauri zima halikuzidi dakika sita.

Mimi nilikuwa benchi la nyuma kwa jambo langu jingine. Baadaye nilimkuta nje, karibu na dirisha la kulipia faini, ameshika karatasi. Akaniomba nimsomee mstari mmoja, maana miwani yake ilibaki ndani ya gari lililozuiwa kituoni. Mstari ule ulisema kwamba hataruhusiwa kuwa na leseni kwa miezi 12. Akaniuliza mara mbili, "Leseni nayo?" Kazi yake ni udereva. Alikuwa amekubali shitaka ili awahi kazini.

Nimekuwa nikimfikiria tangu siku ile. Siandiki haya ili kumtetea mtu anayekunywa kisha akakamata usukani. Dereva wa namna hiyo anawaweka hatarini watu ambao hata jina lake hawalijui: mtoto anayevuka barabara, mama aliyeketi nyuma ya pikipiki, dereva mwenzake anayerudi nyumbani akiwa mzima. Akikutwa na hatia, aadhibiwe. Ninachokililia ni kwamba uamuzi mzito kuliko wote katika kesi za ulevi barabarani hufanywa asubuhi ya kwanza, na hufanywa na mtu ambaye hajalala, hajasoma karatasi hata moja, na ameshikwa na aibu. Asubuhi ile aibu ndiyo humsemea.

Tufanye hesabu kidogo. Mwili wa binadamu hupunguza kileo kwenye damu taratibu, kwa wastani wa miligramu 15 hivi katika kila mililita 100 za damu kwa saa moja. Wapo wanaopunguza haraka zaidi na wapo wanaochelewa. Kahawa haisaidii, wala kuoga maji baridi. Sasa mchukue dereva aliyekamatwa saa nane usiku akiwa na miligramu 200, kiwango ambacho si cha ajabu kwa waliokunywa sana. Anapandishwa kizimbani saa tatu asubuhi. Zimepita saa saba, zimeondoka miligramu 105, bado anazo 95. Katika nchi nyingi ambazo kikomo chao ni 80, mtu huyu hawezi kurudishiwa ufunguo wa gari lake. Sheria inamwona bado ni mlevi kupita kiasi cha kuendesha. Lakini saa hiyohiyo, ndani ya chumba hichohicho, anaulizwa swali ambalo jibu lake litamfuata kwa miaka, na jibu lake linapokelewa kama la mtu mwenye akili timamu.

Kisheria Afrika Mashariki hatuna upungufu wa maelekezo juu ya jambo hili. Mwaka 1973 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilitoa uamuzi katika kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri, na mpaka leo mahakama za ukanda huu huurejea kila linapozuka swali la mtu aliyekiri kosa. Mahakama ile ilipanga hatua. Shitaka lisomwe na lifafanuliwe, kipengele kwa kipengele, kwa lugha anayoielewa mshtakiwa. Akikubali, maneno yake yaandikwe kadiri inavyowezekana kama alivyoyatamka. Kisha upande wa mashtaka ueleze yaliyotokea, naye apewe nafasi ya kuyapinga au kuyafafanua. Akiyapinga, au akisema neno linaloonyesha kwamba hakubali kosa lote, hakimu aandike kwamba amekana. Hatia isiandikwe kabla hatua hizo hazijapitiwa.

Soma tena hapo penye "au kuyafafanua". Mtu akisema, "Ni kweli nilikunywa, lakini nilikuwa nimelala kiti cha nyuma nikimsubiri ndugu yangu aje aendeshe," huyo hajakiri kuendesha gari. Amekiri kunywa, na kunywa si kosa. Iko sheria katika nchi nyingi inayomgusa hata aliye na gari chini ya mamlaka yake bila kuliendesha, kwa hiyo huenda bado ana la kujibu. Lakini hilo ni shitaka lingine lenye utetezi wake. Uingereza, kwa mfano, sheria ya mwaka 1988 inamruhusu aliyekutwa hivyo aonyeshe kwamba hapakuwa na uwezekano wa yeye kuendesha akiwa bado amezidi kiwango. Utetezi huo humezwa na neno "ni kweli" likitamkwa upesi. Na ukishakiri, mlango wa rufaa unabaki mwembamba mno: kwa kawaida unaweza kulalamikia ukubwa wa adhabu au uhalali wake, lakini huwezi kupinga kutiwa kwako hatiani, labda uonyeshe kwamba kukiri kwenyewe kulikuwa na kasoro.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kufanya kizimbani ni kuuliza: nashtakiwa kwa kosa lipi hasa? Watu wengi hudhani kosa la ulevi barabarani ni moja. Kimsingi yako mawili. La kwanza ni kuendesha ukiwa umelewa kiasi cha kushindwa kulimudu gari. Hilo ndilo kosa la zamani, na ushahidi wake ni macho: gari lilivyokuwa likiyumba, ulivyoshuka, ulivyosimama, ulivyozungumza, daktari alichokiona. La pili ni kuendesha ukiwa umezidi kiwango kilichowekwa na sheria, hata kama uliendesha vizuri bila kugusa ukingo wa barabara. Norwe iliweka kiwango cha namna hiyo mwaka 1936, Uingereza ikafuata mwaka 1967 kwa miligramu 80, Uskoti ikashusha hadi 50 mwezi Desemba 2014. Ushahidi wa kosa hili la pili ni namba. Anayejitetea mbele ya shitaka la kiwango kwa kusema "nilikuwa mzima kabisa, mheshimiwa, gari lilikwenda sawa" anajibu swali ambalo hajaulizwa. Na anayeshtakiwa kwa kushindwa kulimudu gari, huku ushahidi wote ukiwa ni karatasi ya kipimo, ana haki ya kuuliza ni nani aliyemwona akishindwa.

Tofauti hii imekwisha kutikisa nchi nzima. Nchini Kenya, kanuni za kipimo cha pumzi zilizotungwa mwaka 2011 zilifikishwa mahakamani, na mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ikasema kanuni haziwezi kuzaa kosa ambalo Sheria ya Trafiki yenyewe, iliyozungumzia kushindwa kulimudu gari, haikulitaja. Katikati ya miaka hiyo ni wangapi walisimama wakasema "ni kweli" bila kujua kuwa msingi wa shitaka lao una swali?

Tuje kwenye hiyo namba, maana hapo ndipo kesi nyingi hulala.

Mashine ya pumzi haipimi damu. Inapima hewa inayotoka mapafuni, kisha sheria inakadiria kilichomo kwenye damu. Kikomo cha Uingereza kwa pumzi ni mikrogramu 35 katika mililita 100 za hewa. Ukizidisha 35 kwa 2,300, uwiano unaochukuliwa kati ya kileo cha damu na cha pumzi, unapata mikrogramu 80,500, yaani miligramu 80 na ushei, na ndipo viwango vile viwili, cha pumzi na cha damu, vinapokutana. Lakini 2,300 ni makadirio. Marekani hutumia 2,100, na miili ya watu haifanani. Kinywa nacho kinaweza kudanganya: aliyekunywa funda dakika chache zilizopita, au aliyecheua, bado ana kileo mdomoni ambacho hakijatoka mapafuni. Ndiyo sababu taratibu za nchi nyingi zinataka mtu akae akiangaliwa dakika 15 au 20 kabla ya kipimo kinachopelekwa mahakamani. Kile kifaa kidogo cha barabarani kwa kawaida ni cha kuchuja tu. Kipimo cha ushahidi ni cha kituoni, au ni damu iliyotolewa na mtu wa afya.

Mashine ya kituoni hutoa ukanda mwembamba wa karatasi, kama stakabadhi ya dukani. Ukishike. Kuna tarehe na saa, kuna namba ya mashine, kuna matokeo ya hewa tupu ambayo yanatakiwa kuwa sifuri, kisha matokeo ya pumzi yako, mara nyingi mawili. Uingereza huchukua lile dogo. Linganisha saa iliyo kwenye ukanda na saa ya kukamatwa iliyoandikwa kwenye hati ya mashtaka. Je, zile dakika za kuangaliwa zinaenea katikati yake? Namba ya mashine ndiyo hiyohiyo iliyo kwenye cheti cha ukaguzi, na cheti kilikuwa hai usiku ule? Karatasi hizo mara nyingi huchapwa kwa joto, si kwa wino, na maandishi yake hufifia. Ipige picha siku hiyohiyo, kwa sababu kesi inaweza kusikilizwa miezi mingi baadaye na ukanda ukawa umebaki mweupe.

Kuna watakaosema nawafundisha wakosaji kuponyoka. Nimelisikia hilo, na ninaona limegeuzwa juu chini. Mwaka 2011, Mahakama Kuu ya Western Cape nchini Afrika Kusini iliyakataa matokeo ya mashine ya pumzi kwa sababu upande wa mashtaka haukuthibitisha kwamba yanaaminika. Aliyeiharibu kesi ile si mshtakiwa aliyeuliza. Iliharibika kwa sababu majibu hayakuandaliwa. Polisi wanaojua kwamba kila cheti kitaombwa hukagua mashine zao kwa wakati. Wanaojua kwamba kila anayesimama kizimbani atasema "ni kweli" hawana la kuwahimiza.

Na mfano unaoniuma zaidi ni wa jimbo la Massachusetts, Marekani. Kwa miaka kadhaa ofisi ya serikali iliyosimamia mashine za pumzi ilificha nyaraka zilizoonyesha kwamba baadhi ya mashine zilikuwa zimeshindwa kwenye ukaguzi. Mwezi Aprili 2023 mahakama ya juu ya jimbo ikaamua kwamba matokeo ya mashine hizo, tangu Juni 2011 hadi Aprili 2019, yasitumike, na kwamba waliotiwa hatiani kwa matokeo hayo wanaweza kuomba kesi zao zisikilizwe upya. Ilikadiriwa kuwa ni watu wapatao 27,000. Wamo humo waliokuwa wamekiri. Walikiri namba iliyotoka kwenye mashine ambayo wenye nayo walijua ina walakini. Wengine kati yao bila shaka walikuwa wamelewa kweli, nami silipingi hilo. Lakini hukumu ilisimama juu ya namba, na namba haikuwa ya kuaminika.

Kukataa kupimwa nako si njia ya kutokea. Katika nchi nyingi kukataa bila sababu ya msingi ni kosa linalojitegemea, na adhabu yake hukaribiana na ile ya ulevi wenyewe. Marekani, Mahakama ya Juu ilipambanua mwaka 2016: kipimo cha pumzi chaweza kufanywa baada ya mtu kukamatwa bila kibali cha hakimu, lakini cha damu hakiwezi kulazimishwa hivyo, kwa sababu sindano huingia mwilini. Ukiwa na sababu ya kiafya, iseme palepale na omba iandikwe.

Kwa nini basi watu wanakiri haraka hivyo? Nimetaja aibu. Kuna na hofu ya rumande. Mtu anajiambia, nikikana nitarudishwa selo, nikikiri nitalipa faini niende. Hapa wengi hawajui kwamba dhamana huombwa, na kwamba kwa makosa haya kwa kawaida hutolewa. Beba jina na simu ya mtu anayeweza kukudhamini akiwa na kitambulisho, na umtafute usiku uleule, usingoje asubuhi. Katiba ya Kenya inataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya mahakama inayofuata kama saa hizo zimeangukia wakati mahakama imefungwa. Nchi nyingi zina ukomo wa namna hiyo. Muda huo ni mfupi, lakini unatosha kupiga simu mbili. Na kukana hakumaanishi umemwita askari mwongo. Maana yake ni kwamba unaomba ushahidi uletwe. Ukiletwa na ukauona una nguvu, unaweza kubadili jibu lako siku nyingine.

Kama kuna mtu aliyeumia au kufa, mambo mengine yote niliyoyasema yanakuwa madogo. Shitaka litakuwa jingine, kifungo kitakuwa kirefu, na hupaswi kueleza chochote kuhusu ajali ile kabla ya kuonana na wakili. Msaidie majeruhi, toa jina lako, kisha nyamaza. Kama huna uwezo wa wakili, uliza mahakamani kuhusu msaada wa kisheria.

Niliahidi nafsini mwangu nisimalize bila kuzungumzia leseni, kwa ajili ya yule bwana. Faini huonekana kubwa kwa sababu inalipwa siku hiyo, lakini kwa mtu anayekula kwa usukani, kufungiwa leseni ndiyo adhabu yenyewe. Uingereza kufungiwa huko hakupungui miezi 12, na akirudia ndani ya miaka 10 ni miaka mitatu. Ipo kozi ya marekebisho inayoweza kupunguza hadi robo ya muda huo, ila mahakama ndiyo hutoa nafasi hiyo siku ya adhabu. Katika majimbo mengi ya Marekani kuna kesi mbili: ya mahakamani, na ya idara ya leseni inayokwenda njia yake. Dereva wa California ana siku 10 tu tangu kukamatwa kuomba asikilizwe na idara ile, na mwenye kungoja tarehe ya mahakama hukuta muda umekwisha zamani. Uliza kabla ya kujibu shitaka: nikikubali, leseni yangu itakuwaje, kwa muda gani, na nani anayeamua?

Sasa kuna ukweli ambao sina budi kuusema. Wengi wanaokamatwa wana hatia, na kwa wengi wao kukiri ndilo jambo sahihi. Mwongozo wa adhabu wa Uingereza humpunguzia hadi theluthi moja ya adhabu anayekiri hatua ya kwanza kabisa, kwa kuwa anawaondolea mashahidi safari na mahakama siku. Hilo ni haki. Lakini mwongozo huohuo unatambua kwamba kuna wakati mtu hawezi kutazamiwa kujibu kabla hajapata maelezo au ushauri, na hapotezi punguzo lake kwa kungoja. Hapo ndipo ningependa mahakimu wote wasimame. Muulize aliyetoka mahabusu alilala saa ngapi. Muulize kama ameiona karatasi ya kipimo. Mpe nakala. Msomee adhabu inayowezekana, leseni ikiwemo, kabla hajafungua mdomo. Dakika kumi zinatosha kwa hayo yote.

Nakumbuka asubuhi ileile, baada ya yule bwana, aliitwa dada mmoja kwa kosa kama lake. Karani akasoma. Dada akanyamaza kidogo, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Mheshimiwa, naomba nakala ya kipimo kabla sijajibu." Mwendesha mashtaka akageuka kumtazama. Hakimu akavua miwani, akauliza kama nakala imo kwenye faili, ikawa haimo. Akaandika kwamba amekana, akampa dhamana, shauri likaahirishwa kwa wiki mbili.

Siku hiyo nilikuwepo tena, maana jambo langu nalo lilikuwa limeahirishwa. Alikuja na ukanda ule ndani ya bahasha, amevaa nguo safi, amekaa na wakili kijana ambaye alikuwa akimwonyesha kitu kwa ncha ya kalamu. Shitaka likasomwa upya. Karani alipofika kwenye namba, dada aliinamia karatasi yake, akaifuatisha kwa kidole hadi mwisho wa mstari, akangoja sentensi iishe.

"Ni kweli, mheshimiwa," akasema. "Na leseni nimekuja nayo."